Namba Ndogo Ndiyo Inayokula

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwangu lilikuwa kukatika kwa koili ya jiko. Jiko letu la umeme ni la zamani, lile lenye waya uliosokotwa kama springi na kulazwa ndani ya mfereji wa udongo. Waya ulikatika asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka. Mke wangu Wachuka akachomoa plagi, akazishika zile ncha mbili, akazinyonga pamoja kwa koleo kama alivyokuwa amefanya mara nyingi. Akawasha. Koili ikawa nyekundu kuliko jana yake.

“Unaona,” akaniambia, “inawaka kama mpya.”

Nikamweleza, kama nilivyokuwa nimemweleza kila mara, kwamba akiiunga anaifupisha, kwamba waya mfupi una ukinzani mdogo, kwamba ukinzani mdogo unavuta umeme mwingi, na kwamba siku moja plagi itayeyuka ukutani. Akasema chai iko tayari. Tukanywa. Alasiri hiyo moyo wake ulisimama akiwa shambani, kati ya mistari ya kahawa. Tangu tulipomzika sikuliwasha tena jiko lile, na ndiyo sababu nilianza kunywa kahawa ya asubuhi kwa Watiri.

Benchi la Watiri liko Giakanja sokoni, kati ya duka la dawa za mifugo na kibanda cha Kim, kinyozi. Ni ubao wa mkaratusi juu ya matofali, na umelainishwa na suruali za miaka mingi. Sehemu yetu yote inalima kahawa na karibu kila mtu anakunywa chai. Wanaokunywa kahawa ni sisi wa benchi tu, na Watiri hutuita wateja wa hasara, kwa sababu kikombe kimoja tunakikalia hadi kinapoa. Waweru, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa, anaitwa Spika, maana hakuna anayeongea kabla yeye hajampa nafasi. Ndungu anaitwa Utabiri. Kila jambo, hata talaka, hulieleza kwa hali ya hewa. Mimi naitwa Mwalimu. Nilifundisha fizikia hadi nilipostaafu. Tangu mazishi nilikuwa nikikaa mwisho wa ubao na kusikiliza, na wenzangu walikuwa wamekwisha kuzoea kwamba sisemi.

Wa nne ni Munene. Yeye tulimwita Migomba, na jina hilo hakulipenda.

Lilitoka kwenye ruracio ya binti yake mkubwa, siku ile familia ya kijana inapokuja kwa wazazi wa msichana kuzungumzia mahari. Katikati ya mazungumzo Munene alitoka kidogo kwenda kuvuta sigara nyuma ya migomba. Alipoimaliza akawasha nyingine, kwa woga tu. Aliporudi, binamu yake Kingori alikuwa ameshajibu maswali yote na kumwuliza binti lile la mwisho mahali pake, na wageni walikuwa wananawa mikono. Soko zima lilijua kwamba Munene alimwoza mtoto wake akiwa migombani. Binti mwenyewe hakumlaumu kwa neno hata moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa ilikuwa zamu ya Lynn, binti mdogo, anayefanya kazi benki huko Nanyuki. Lynn alimletea baba yake sigara ya umeme, akamwonyesha kuitumia, na tangu mvua zianze Munene hakuwa amegusa sigara ya karatasi. Alimruhusu hata aivute mbele ya wageni, karibu na dirisha, mradi asitoke chumbani. Kisha akamwambia maneno ambayo Munene aliyarudia kwetu akitazama chini.

— Ameniambia, “Baba, ukitoka tena na mtu mwingine aulize mahali pako, huyo ndiye atanisindikiza siku ya harusi.”

Ruracio ilikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi Munene alifika kijiweni, akaiweka ile mashine juu ya ubao kama mtu anayeweka kuku aliyekufa mbele ya daktari.

— Imezimika tena, akasema. Imekuwa kwa chaji usiku wote. Saa nne haijafika na imezimika. Na kesho wageni wanakaa hadi jioni.

Ndungu hakuhitaji kufikiri.

— Ni baridi. Betri ni kama kuku. Ikiona ukungu wa Nyandarua inajikunja, haitagi.

— Redio yangu iko na betri, akasema Spika, na inaamka na mimi kabla ya jogoo. Mbona yenyewe haisikii baridi?

— Redio yako ni ya Ujerumani. Hiyo imezoea.

Ndungu akamshauri Munene aibebe kwapani. Munene akasema amekwisha kujaribu. Alichopata ni shati lililolowa yale maji ya embe ambayo mashine huyageuza mvuke, na nyuki wawili waliomfuata hadi kanisani.

Spika akachukua nafasi. Kwa maoni yake tatizo lilikuwa mnara wa simu uliojengwa juu ya kilima. Mnara ule, akasema, unakula umeme wa kila kitu kilicho karibu, ndiyo maana hata simu yake inaisha chaji upesi anapokuwa shambani, na haiishi akienda Chaka kununua mbuzi. Watiri akamkumbusha kwamba akienda Chaka huwa ameizima simu ili mkewe asimpate. Spika akasema hilo ni jambo la nyumbani na halihusiani na mnara.

Hapo Ndungu akarudi na nadharia kubwa zaidi. Maji ya embe, akasema, yanatoka kwa watu wa joto. Huku kwetu juu maji huchemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha. Kwa hiyo mashine inayachemsha yale maji, inaona hayajaiva, inayachemsha tena, na betri inalipa mara mbili. Nilitambua kwamba nusu ya kwanza ya hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Nusu ya pili haikuwa na mzazi.

— Nyinyi mnacheza, akasema Spika, akashusha sauti. Ndani ya hiyo kitu serikali imeweka kaspika. Inahesabu pumzi. Kila ukivuta, inapiga ripoti Nairobi, na hiyo ripoti inatumia betri yako.

— Ripoti ya nini? Munene akauliza.

— Ushuru. Walianza na mafuta, wakaja kwa unga, sasa ni pumzi. Kutoa ni bure, kuvuta ndani ndio unalipia.

— Basi wewe wangekuwa wamekushika kitambo, akasema Watiri, kwa vile unavyotumia pumzi.

Tulicheka, isipokuwa Munene. Alikuwa akiizungusha mashine mkononi kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Ndungu, kwa kumhurumia, akapendekeza waya mrefu wa umeme kutoka jikoni hadi dirishani, ili mashine ikae kwa chaji siku nzima. Spika akaichora picha hiyo kwa mikono: wageni wanaingia, wanasalimu, wanamkuta baba wa msichana amefungwa kwa waya kama ng'ombe wa ndani.

— Watauliza kama na wewe uko kwa mahari, akasema.

Munene akacheka sasa, lakini kidogo, na alipomaliza akasema bila kumwangalia mtu yeyote kwamba pengine ingekuwa heri amwambie Kingori ajitayarishe. Spika akamsogezea kikombe chake cha kahawa.

Pikapu ikasimama mbele ya kibanda cha Kim. Ilikuwa imebeba tangi la maji la Kim, na aliyeshuka alikuwa Neel, mjukuu wa mzee Kirit mwenye duka la vifaa vya umeme na ujenzi mjini Nyeri. Neel amezaliwa hapa na anatusalimu kwa Kikuyu kizuri kuliko cha wajukuu wetu. Vijana walipoanza kulipandisha tangi juu ya paa, yeye akaja kwenye ubao, akaomba kahawa, akaiona ile mashine, na kwa kuwa siku hizi dukani kwao wanauza na hizo, akauliza swali moja.

— Ndani iko na koili ya ngapi?

Tulikuwa tumeshtaki baridi, mnara, maembe na serikali, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameifungua.

Munene akaifungua. Ndani mlikuwa na kitu cha chuma kisichozidi kofia ya kalamu, chenye waya na pamba. Neel akakiinua kwenye mwanga akasoma: sufuri nukta mbili, na mbele yake ile alama ya omu ambayo Ndungu alisema inafanana na mlango wa kibanda cha mbwa.

— Hii si ile ilikuja nayo, akasema Neel.

— Ile ya Lynn iliisha, nikabadilisha mwenyewe mjini, akasema Munene. Na hapo alijinyoosha kidogo, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na hakika. — Waliniwekea tatu mezani. Ya Lynn ilikuwa moja nukta mbili. Nikachagua ndogo kabisa, ndio isikule chaji.

Benchi zima likamsifu. Spika akasema hapo alifanya kama mtu mzima. Ndungu akasema ndivyo hata yeye angefanya. Watiri akaeleza kwamba taa yake ya kibandani ni ya wati tano, na ile ya jirani ni ya wati mia, na kila mtu anajua nani analia mwisho wa mwezi. Sisi ni watu wa kusoma namba kwenye boksi la balbu kabla ya kusoma bei. Namba ndogo, ulaji mdogo, ndivyo tulivyolelewa.

Neel akatikisa kichwa.

— Hapana, mzee. Hiyo ndogo ndio inakula zaidi.

— Kwa nini?

Neel akairudisha koili mkononi mwa Munene. Ni kijana mwaminifu.

— Kwamba inakula, najua. Kwa nini inakula, sijui. Mimi nauza tu.

Wote wakatazama mahali pengine. Spika alitazama barabara, Ndungu akatazama mawingu. Munene alitazama ile namba. Watiri peke yake ndiye aliyenitazama mimi, thermos mkononi, na nikasikia sauti yangu kabla sijaamua kuitoa.

— Hiyo namba si ya kula, nikasema. Ni ya kuzuia.

Spika akageuka polepole.

— Mwalimu ameongea, akasema. Apewe nafasi.

Nilisimama, kwa mazoea ya darasani. Juu ya paa la Kim vijana walikuwa wanaliweka tangi sawa, kwa hiyo sikuhitaji ubao wala chaki. Nikawaambia watazame tangi lile. Tangi ni betri: maji yaliyomo ndiyo yaliyomo, hayaongezeki kwa kuombewa. Sasa chini yake funga bomba jembamba, la nusu inchi, kama lile tulilowekewa na mradi wa maji. Maji yatatoka kidogo kidogo, na jioni bado utayakuta. Ondoa hilo, ufunge bomba la inchi mbili. Utafurahi sana hadi saa nne asubuhi.

Munene hakupepesa macho.

— Omu ni wembamba wa bomba, nikaendelea. Namba kubwa, bomba jembamba. Namba ndogo, bomba pana. Wati ni jambo lingine. Wati ni kile kinachotoka kwa kila dakika. Kwenye balbu wanakuandikia kinachotoka. Kwenye koili wanakuandikia kinachozuia. Ulisoma koili kama balbu.

— Kwa hivyo nikinunua balbu, ndogo inakula kidogo, akasema Munene. Nikinunua koili, ndogo inakula sana.

— Ndiyo.

— Ni nani alipanga namna hiyo? Spika akauliza, akiwa tayari kumlaumu mtu.

— Mjerumani. Omu ni jina lake.

Ndungu akampiga Spika begani, kama kwamba redio imeshinda kesi.

Nikamwomba Munene airudishe koili, aichaji mashine kidogo kwa Kim, kisha anionyeshe kioo chake. Kiliandika wati sitini. Nikaeleza kwamba mashine ya namna hii inapima koili yenyewe. Ilipokuta bomba pana ilipanda hadi sitini, kwa sababu koili ile haileti mvuke wowote chini ya hapo. Kwa betri iliyomo, wati sitini ni dakika kumi hivi za kuvuta, ukizijumlisha zote. Kwa wati kumi na mbili, ambazo zinaitosha koili ya Lynn, ni mara tano ya hapo.

— Mara tano kutoka saa nne ni lini? akauliza Munene.

— Ni baada ya wageni kwenda.

Neel alikuwa ameshaenda kwenye pikapu. Alirudi na pakiti ya maonyesho ya dukani, ndani yake zimebaki koili mbili za moja nukta mbili. Munene akaifunga ya kwanza. Kioo kikashuka chenyewe hadi kumi na mbili. Akavuta, na mvuke uliotoka ulikuwa mwembamba kama wa kikombe cha Watiri.

Kosa lililofuata lilikuwa la Spika, na alilifanya kwa nia njema. Aliuona ule mvuke, akauonea aibu. Akasema hata mbu hawezi kukohoa kwa hiyo. Akaichukua mashine, akabonyeza kitufe cha kupandisha, na kabla sijamfikia alikuwa ameirudisha sitini na kuiweka mdomoni mwa Munene.

Munene alikohoa hadi Kim akatoka na mkasi mkononi. Harufu ilikuwa ya nywele za mbuzi kwenye moto. Nikaifungua: pamba ilikuwa nyeusi.

Nikawaambia yaliyotokea. Bomba jembamba lilisukumiwa maji ya bomba pana, waya ukapata moto usio wake, na pamba, ambayo haikuwa hata imelowa vizuri, ikaungua. Kuna koili inayotaka wati nyingi na kuna inayotaka chache. Ukiipa ya pili chakula cha ya kwanza unaiua.

— Imebaki moja, akasema Munene. Ikiungua hii, kesho ni Kingori.

Aliitoa ile ya mwisho kwenye pakiti, akaishika kidogo, kisha akanipa mimi.

Niliifanya kama nilivyokuwa nikifanya jaribio mbele ya wanafunzi. Nilidondosha maji ya embe kwenye pamba kupitia vitundu vya pembeni. Niliifunga, nikajaza, nikaiweka wima juu ya ubao, nikasema tusiiguse hadi pamba inywe. Tukasubiri. Spika alikalia mikono yake. Ndungu alitaka kusema jambo kuhusu unyevu wa hewa, Watiri akamtazama, akaacha. Tulikunywa kahawa kwa kukosa la kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu nilijue benchi lile tuliimaliza thermos yote kabla ya saa sita. Watiri aliipindua kutuonyesha.

— Leo mmekuwa wateja, akasema.

Nikahakikisha kioo kinasema kumi na mbili. Kisha nikabonyeza vitufe viwili pamoja hadi kufuli dogo likatokea kwenye kioo, ili asiwepo Spika mwingine. Nikampa Munene. Akavuta polepole, akafumba macho, akatoa mvuke mwembamba usio na haraka.

— Iko kidogo, akasema. Lakini iko.

Neel akamwachia chupa ndogo ya maji yenye nikotini kali kuliko yale, ili ule mvuke mdogo umtoshe. Watiri akamwuliza Munene mbona asiache tu yote kwa mara moja. Munene akasema yuko kwenye ngazi, anashuka, na kesho si siku ya kuruka.

Kabla ya kuondoka, Neel alirudi kwenye pikapu mara ya pili. Safari hii alikuja moja kwa moja kwangu, akiwa na kifurushi cha karatasi.

— Pole, Mwalimu. Hii imekaa kwetu. Mama Wachuka aliagiza, na ilipofika nikasikia habari. Sikujua nikuletee vipi.

Nikaifungua pembe moja. Ilikuwa koili ya jiko, mpya, nzima, urefu wake kamili.

— Lini aliagiza?

— Mara ya mwisho alikuja mjini. Akasema nisikwambie. Akasema ukijua amekubali, utamfundisha wiki nzima.

Nikaikunja tena ile karatasi. Watu wa benchi waliendelea na mazungumzo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, na niliwashukuru kwa hilo. Munene peke yake aliniinamia.

— Kesho ukae na mimi, Mwalimu. Nitakuwa naangalia wageni. Wewe angalia betri.

Sikuwa nimekaa kwenye shughuli ya watu tangu shughuli ya kwangu. Nikamwambia nitakuja.

Jumamosi kulikuwa wazi, mlima ukaonekana hadi barafu yake. Munene aliketi karibu na dirisha kwa koti lake la harusi, mashine juu ya kizingiti, mimi upande wake wa kushoto. Kingori aliketi mbele yetu. Kila msemaji wa wageni alipouliza jambo, Kingori alisafisha koo, na kila mara Munene alijibu kabla koo halijawa safi. Uji wa mtama ulipopitishwa akavuta kidogo, akageuzia mvuke dirishani; mama mmoja wa upande wa wageni alinusa, akamwambia mwenzake kwamba nyumba hii ina miembe. Mchana betri ilikuwa imepungua kwa robo. Wakaleta maneno marefu, wakatoka kushauriana, wakarudi, wakatoka tena. Magoti ya Munene yalianza kucheza. Niliyaona. Nje ya dirisha, migomba ilikuwa imesimama pale pale.

— Iko ngapi? akaninong'oneza.

— Nusu. Kaa.

Akakaa.

Jioni likafika jambo lenyewe. Kwetu, baba hapokei kinywaji cha wageni kabla ya kumwita binti na kumwuliza mbele ya wote kama kinywewe. Ndilo swali ambalo Kingori aliliuliza mara ile. Lynn akaingia na shangazi zake, akasimama katikati, na macho yake yalienda kwanza kwenye kiti cha dirishani. Kingori alikuwa ameshaegemea mbele. Munene akasimama. Alikuwa ameacha mashine kwenye kizingiti, taa yake ya kijani ikiwaka, na hakuishika.

— Lynn, akasema, akafunga kifungo cha koti, akaanza upya. Lynn. Hawa watu wameleta kinywaji. Tukinywe?

Lynn alimtazama usoni, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni nani aliyeuliza.

— Kinyweni, Baba.

Vigelegele vya kina mama vilivuka ua hadi barabarani. Kingori alirudi nyuma kwenye kiti chake, na lazima niseme alipiga makofi kama wengine. Ndungu alitangaza kwamba hewa ilikuwa nzuri siku nzima. Spika alipanda juu ya kiti, bila kupewa nafasi na mtu yeyote, akatamka kwamba kuanzia saa hiyo jina la Migomba limefutwa Giakanja, na atakayelitaja atanunua kahawa ya benchi zima.

Wageni walipokwisha kuondoka, Munene alitoka nje, akaelekea migombani. Tulimtazama wote, Lynn naye akiwa mlangoni. Alikaa huko muda mfupi. Alirudi na mkungu wa ndizi mbivu begani, akaushusha miguuni kwetu.

— Kuleni, akasema. Na hiyo betri, Mwalimu?

— Bado ina robo.

Aliinua ile mashine juu kama kombe, na vigelegele vikaanza upya.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jua. Nilichomoa plagi ya jiko, nikaitoa koili ya zamani kutoka kwenye mfereji wake. Mafundo ya Wachuka yalikuwa yamekaza vizuri kuliko nilivyodhani, sikuyafungua. Niliitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Nikailaza ile mpya, nikafunga skrubu za pande mbili, nikaweka sufuria ya maji na maziwa, nikawasha. Ilipata wekundu wa polepole, wa kiasi, kama inavyotakiwa. Chai ilichelewa kuchemka. Nikavuta kiti, nikaingoja.